Donge la Nyuma ya Jiko

Jumamosi ile asubuhi Xaveria alikuwa amepandisha kitenge hadi magotini, anakanyaga udongo na mavi ya ng'ombe mbele ya nyumba yake pale Maisaka, kwa sababu jioni iliyotangulia mume wake alimpiga ngumi ya shavu na ukuta wa dirishani ukabonyea. Ilikuwa ngumi ya nguvu. Shimo lenyewe lingeweza kumeza sufuria ndogo, na pembeni yake udongo ulikuwa umevimba na kuwa rangi ya zambarau iliyoiva. Shavu halikuwa na kitu. Alikuwa amelipaka mafuta ya mgando kama siku zote na lilikuwa linang'aa.

"Umeamkaje, Mama Fabiola?" Jirani yake, Mama Wolfgang, alikuwa anapita na ndoo ya maji kichwani. "Naona mzee jana aliwahi kurudi."

"Aliwahi."

"Dirishani tena?"

"Dirishani. Na kule chumbani kidogo."

"Pole, jamani. Ngoja nitue hii ndoo nije. Udongo wa dirishani ukiukanyaga peke yako haulainiki vizuri."

Mtaa mzima ulikuwa unajua. Anselmi akimpiga mke wake, inayoumia ni nyumba. Kofi lilibandua udongo wa mbele, teke la mgongoni lilipasua ukuta wa chumbani, na siku alipomsokota mkono hadi nyuma ya shingo, boriti ya juu ya mlango ilivunjika, tko, vumbi likamwagika kwenye ugali. Xaveria mwenyewe alisikia tu kama mtu kampulizia upepo. Kuanguka alianguka, maana ukisukumwa unaanguka, na kulia alilia, maana kupigwa ni kupigwa hata kama huumii.

Chanzo chake kilikuwa kinajulikana pia. Siku alipoolewa, kule Kainamu kwenye milima ya Mbulu, mama yake, Bibi Ursula, alichukua kisu akachimba ukuta wa nyuma ya jiko la tembe yao, akatoa donge la udongo la ukubwa wa ngumi, akalifunga kwenye kanga. "Ukifika kwako, lichanganye kwenye ukuta wa nyuma ya jiko," alimwambia. "Kandika mwenyewe, usimwachie fundi. Na usiligawe vipande, ukiligawa ni udongo tu." Xaveria akauliza ni la nini. Mama akacheka, na siku ile alikuwa na meno yote. Tembe yao ilikuwa na nyufa tangu Xaveria anazaliwa, hata alikua akidhani nyumba zote duniani zina nyufa. Baada ya mavuno alipokwenda kuwasalimia wazazi, alikuta tembe imenyooka, imetulia, haina hata mstari, na mama yake hana meno ya mbele. Alisema aliteleza kisimani. Baba yake alikuwa amekaa pembeni anakunywa uji.

Xaveria alikuwa ameshapigwa kofi lake la kwanza Maisaka, na ameshaona ukuta ulivyofanya. Akamwangalia mama yake mdomoni, akaelewa.

Anselmi alikuwa mtunza ghala la ushirika. Miaka ile sabuni ilikuwa haionekani, watu wanafulia majani ya mpapai, na mwenye funguo za ghala alikuwa anaamkiwa shikamoo hata na waliomzidi umri. Kutwa nzima anaamkiwa, jioni anarudi nyumbani anakuta yeye ni Baba Fabiola tu, na chai haina sukari kwa sababu sukari yenyewe ameigawa kwa wakubwa. Basi anapiga. Wapo waliosema ni hali ya nchi iliyomharibu yule bwana. Uongo mtupu! Alianza kabla ya vita, sukari ikiwa tele madukani.

Siku moja walikuwa shambani Mutuka, wanapalilia mbaazi, Xaveria akakata mche mmoja kwa bahati mbaya. Anselmi akachomoa mpini wa jembe. Alimpiga nao miguuni, akampiga mbavuni, alipoanguka akampiga kichwani, akaendelea kupiga hadi mpini ukachanika na mikono yake mwenyewe ikatoka malengelenge. Xaveria alikuwa amelala kifudifudi kwenye tuta, upepo unampitia mgongoni, anahesabu moyoni vitu vilivyokuwa ndani ya nyumba: mtungi, kabati la vyombo, picha ya Bikira Maria. Wakati huohuo kule Maisaka Mama Wolfgang alikuwa anachambua mchele barazani kwake. Akaona nyumba ya jirani inatikisika, ukuta wa barabarani unapasuka kutoka juu hadi chini, nguzo ya pembeni inakatika na paa linashuka bega moja. Akaenda kuwatoa kuku waliokuwa wanaatamia mle ndani.

"Leo wako Mutuka," alisema, akarudi kwenye mchele wake.

Mpasuko huo ndio ulioleta kesi. Babati ilikuwa imefanywa wilaya, wakubwa wanahamia, na ilikwisha kutangazwa kwamba Mwenge utapita barabara ile. Balozi wa nyumba kumi, Mzee Teodori, akawaita mume na mke barazani kwake, pamoja na wazee wa mtaa.

"Anselmi," alisema balozi, "hii sasa ni aibu. Nyumba iko barabarani, imekaa upande kama mlevi. Wageni watatuonaje?"

"Nimekosa, mzee."

"Unatumia nguvu mno kwenye nyumba ya miti."

"Ni kweli, mzee."

Xaveria akaomba kusema. Aliwaamkia wazee wote kwanza, kama inavyotakiwa. "Mzee Teodori, mimi naona ukuta hauna kosa. Huyu ndiye apunguze mkono."

Wazee wakakohoa. Mmoja akaangalia viatu vyake. "Hayo ni ya ndani, Mama Fabiola," alisema balozi kwa upole, na alikuwa mtu mpole kweli, hajawahi kumkaripia mtu. "Sisi hapa tunazungumzia nje."

Wakashauriana, wakaamua: Anselmi atatoa pombe ya wazee, na ile nyumba ivunjwe, ijengwe ya tofali za kuchoma na bati, nyumba ya kisasa isiyotikisika. Balozi mwenyewe angemsaidia kupata kibali cha simenti. Watu wakapiga makofi. Xaveria akasema yeye ameizoea ya udongo, anaomba iachwe, ataikandika upya yote kwa mikono yake. Wakamcheka. Mwanamke gani huyu anakataa bati?

Vijana wa mtaa walikuja na masururu. Kabla hawajafika Xaveria alikuwa ameshapita nyuma ya jiko na kisu, ametoa donge lake, amelifunga kwenye kanga. Kisha akakaa kwa Mama Wolfgang, meno ameyauma, akisubiri sururu la kwanza limtoboe. Hakusikia kitu. Nyumba ilikufa peke yake. Vijana walipobandua udongo walikuta miti ya ndani imevunjika na kujiunga yenyewe, imevimba kwenye maungio kama mkono uliopona vibaya. Udongo wa chumbani ulikuwa umelowa na masururu yalitoka mekundu. Wakanawa mikono, wakala makande, wakaendelea na kazi.

Fundi mwashi alikuwa Elimringi, mtu wa Kilimanjaro, mkimya. Xaveria alimwomba amwachie tundu la ukubwa wa ngumi kwenye ukuta wa nyuma ya jiko, asilipige lipu.

"Unataka kuliziba mwenyewe?" aliuliza fundi.

"Mwenyewe."

"Sawa, mama. Hata kwetu wapo wanaoziba wenyewe." Akaliacha tundu, akalisawazisha kingo vizuri.

Angeliziba siku ile ile kama asingekuja mgeni. Alikuja Hilary, karani kijana wa ofisi mpya za wilaya, aliyekuwa anamchumbia binti yao, Fabiola. "Shikamoo, mama," alisema, akainama kabisa, akatoa sukari iliyofungwa kwenye gazeti. Kijana msafi, anayejua kuongea. Fabiola akaleta chai, mkono ukateleza, chai ikamwagikia suruali ya mgeni. Hilary akatabasamu. Akamshika Fabiola kifundo cha mkono, taratibu, huku anaendelea kumsimulia Xaveria habari za mvua, na hakukiachia hadi vidole vya binti vikawa vyeupe. Fabiola naye alikuwa anatabasamu. Xaveria akaangalia vile vidole, na tundu la nyuma ya jiko likabaki wazi.

Walihamia nyumba ikinukia simenti. Mabati yalikuwa yanawaka jua hadi watu wa Nangara wanayaona. Siku chache baadaye Xaveria alitoka bustanini akaingia ndani na miguu yenye udongo, akaacha nyayo kwenye sakafu mpya. Anselmi alikuwa amekaa. Akaangalia zile nyayo, akasimama.

Ngumi ilikuwa ile ile, ya shavu. Jino likatoka, likagonga sakafu, likaviringika hadi chini ya meza. Kabla ya kupiga ya pili Anselmi alifanya alivyozoea: aligeuka kuangalia ukuta. Ukuta ulikuwa umesimama, mweupe, haujambo. Akausogelea, akaupapasa.

"Umeona?" alisema, na alikuwa amefurahi kutoka moyoni. "Hii ndiyo nyumba sasa."

Akarudi akaendelea. Alimpiga teke la mbavu, akampiga la tumbo, akamwinua kwa nywele akambamiza kwenye ule ukuta wa tofali, damu ikaandika mstari hadi chini. Kisha akamsokota mkono wa kulia hadi nyuma ya shingo. Xaveria akasikia tko, na kwa mazoea akainua macho kuitazama boriti ya juu ya mlango. Boriti ilikuwa nzima. Ndipo maumivu yakamfika, yote, ya siku ile na ya miaka yote, akapiga ukelele ambao mabati yaliurudisha mara mbili. Nje watu walikuwa wanapita wanatoka mnadani. Waliiangalia nyumba, wakaona imetulia, wakaendelea na safari.

Asubuhi Mama Wolfgang alikuja na karai la udongo kama alivyozoea. Alizunguka nyumba akitafuta pa kukandika, hakupaona. Akaingia ndani, akamwona jirani yake alivyolala. Akatua karai chini, akakaa kitandani, akalia sana. Alipomaliza kulia alimpeleka hospitali.

"Umeanguka?" aliuliza muuguzi akifunga mkono.

"Niliteleza," alisema Xaveria.

Wiki ile Anselmi akiwa kazini, Xaveria alitoa donge chini ya kitanda. Akalilowesha maji kwa mkono mmoja, akaliponda ponda hadi likaanza kunata, akalipeleka mdomoni mwa tundu. Lilikuwa linaingia sawasawa. Alikuwa anataka kuliziba, tusidanganyane. Mbavu zilikuwa zinamuuma hata akipumua, na alikuwa anaogopa jioni kama mtoto anavyoogopa sindano. Fabiola alikuwa nje anatwanga, anaimba wimbo wa kwaya. Xaveria akasimama na donge mkononi hadi wimbo ukaisha. Kisha akalirudisha kwenye kanga, akaweka kopo la chumvi kwenye tundu.

Mwenge ulipita, nyumba ikasifiwa. Mzee Teodori alikuwa anawaleta wageni waione. "Hapa palikuwa na vurugu sana zamani," alikuwa anawaeleza, akigonga ukuta kwa fimbo. "Sasa angalieni, hakuna hata ufa. Watu wakipata makazi bora, hata ndoa inatulia." Xaveria alikuwa anawaletea wageni viti, kimoja kimoja, kwa mkono wa kushoto, maana wa kulia uliunga vibaya.

Fabiola aliolewa Nangara baada ya mavuno. Asubuhi ya harusi mama yake alimpa kanga iliyofungwa fundo.

"Hiki nini tena, mama?"

"Donge la ukuta. La bibi yako. Ukandike nyuma ya jiko lako, mwenyewe. Usiligawe."

Fabiola akacheka, meno yake yote mazuri. "Mama nawe! Hilary anajenga ya tofali, ameshapata na simenti. Udongo nitauweka wapi?"

"Basi kajenge kibanda cha jiko, nje. Cha udongo, hata kama ni kidogo kama kizimba cha kuku. Nenda kanyage mwenyewe." Akamshika binti yake kwa ule mkono mmoja mzima, hakumwachia. "Niapie, Fabiola."

Fabiola akamwangalia mama yake mdomoni. Kicheko kikamwishia. "Naapa, mama," alisema.

Mvua za kwanza zilipoanza Mama Wolfgang alikwenda Nangara kwa ndugu zake. Aliporudi alipitia kwa Xaveria, akamkuta anachambua maharage barazani, jicho moja limefumba kwa uvimbe.

"Nimemwona Fabiola," alisema.

"Habari zake?"

"Jiko lake lile la udongo limepasuka. Kutoka paani hadi chini, na mlango umekaa upande. Juzi tu."

"Na yeye?"

"Mzima wa afya. Amenenepa hata. Kanisalimia anacheka."

Xaveria akashusha ungo chini. "Mungu ashukuriwe," alisema, na alishukuru kweli, machozi ya furaha yakamtoka hata kwenye lile jicho lililofumba. Kisha akanyanyuka, akaenda nyuma ya nyumba, akachimba udongo mwekundu kwa mkono wa kushoto hadi ndoo ikajaa.

"Kesho ukipata mtu wa kwenda huko ampelekee," alimwambia jirani yake. "Na amwambie aukanyage sana. Udongo wa Nangara una mchanga, haushiki."