Baridi Afungua Kabati

Fundi wa mafriji hakuwa mtu wa kumung'unya maneno, na juu ya gemu alikuwa na maoni mengi kuliko juu ya siasa. Ukimpelekea friji isiyogandisha, kabla hajaigeuza kuitazama mgongo, angekueleza kwamba gemu ya maana ni ile ya kuigiza shujaa: unaanza naye hana mbele wala nyuma, fimbo mkononi na viatu vimetoboka, unamkuza levo kwa levo mpaka siku moja anaangusha joka. Gemu za mpira aliziita mazoezi ya vidole. Gemu za bunduki aliziita kelele. Na zile zinazokupa majibu matatu uchague moja, halafu yote matatu yanakupeleka mlango uleule, hizo alisema ni utapeli mtupu.

Lakini kilichomkera kuliko vyote ni mchezo wa mezani wa shemeji yake.

Shemeji huyo, mdogo wa mkewe, alikuwa fundi cherehani. Kila Jumapili mchana alifunga duka, akasukuma cherehani ukutani, akaondoa vipande vya vitambaa mezani, na watu wazima wakaketi na dadu zao zenye nyuso nyingi. Hakuna kioo, hakuna waya. Shemeji ndiye msimulizi: anaeleza mlima, mto na adui. Wenzake wanasema wahusika wao wanafanya nini, na palipo na shaka dadu inaamua. Mmoja wa wachezaji hao alikuwa mke wa fundi.

"Porojo," fundi alisema. "Mashine haina upendeleo. Ukimpiga adui, namba inatoka, basi. Kwenu mwenye ulimi mtamu ndiye anashinda vita."

"Na kwako?" mkewe akamjibu. "Mtu akishinda peke yake na rimoti kuanzia chai mpaka giza, kashinda nini?"

Hapo ndipo palipouma. Mapacha wao walishaolewa wakahamia mbali, na nyumba ilibaki na watu wawili. Mke alipika katika kantini ya kiwanda wiki nzima. Jumapili ndiyo siku pekee ambayo wangeweza kukaa pamoja, na siku hiyo dadu zilikuwa zinaila. Fundi alikuwa amenunua rimoti ya pili ya gemu ili wacheze wote, akaiweka mezani bila kusema neno. Mkewe aliipangusa vumbi kama anavyopangusa redio, akaendelea na safari yake.

Mwishowe wakapatana. Fundi aende mezani mara moja, acheze mwanzo hadi mwisho bila kununa. Akichoka, aseme amechoka, na kuanzia hapo Jumapili za mkewe ni zake yeye na rimoti ya pili. Asipochoka, asimsumbue tena mtu juu ya dadu.

"Na usidanganye," mkewe akamwambia. "Baba Pacha, mimi nakujua. Ukidanganya masikio yako yanacheza."

"Sina haja ya kudanganya. Nitachoka mapema tu."

Dukani walimkuta Shemeji na mchezaji mwingine, dereva wa gari la taka ambaye watu walimwita Kimya kwa sababu hajawahi kunyamaza.

"Karibu, Fundi!" Kimya akasema. "Leo friji imekuja jikoni yenyewe."

"Kanuni ziko wapi?" Fundi akauliza, hata hajakaa sawasawa.

"Tulikuwa na kitabu, shemeji, kinene kama godoro," Shemeji akajibu. "Kilikuwa na jedwali la kila kitu, hata uzito wa kamba. Jumapili moja tulipima mizigo mpaka jua likazama, hatujatoka hata getini."

"Hiyo ndiyo gemu! Mzigo lazima upimwe."

"Ndiyo maana sasa kinashikilia mguu wa cherehani. Siku hizi tuna kanuni moja kubwa: ukishasema umefanya, umefanya."

Fundi akacheka kwa pua. Akapewa mhusika, mpiga mishale, akamwita Baridi. Kimya alikuwa mganga mlevi. Kisha Fundi akamgeukia mkewe, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya chini, amsikie yeye ni nani.

"Mimi ni Gogo," mkewe akasema, kwa sauti nzito iliyotoka tumboni. "Askari. Nina kovu hapa na sipendi maswali."

Fundi akamtazama. Katika miaka yote ya ndoa hakuwahi kuisikia sauti ile, na hakujua acheke au aamkie.

Wakaanza. Mvua kubwa, usiku mlimani, mbele yao daraja linalolindwa na dubwana. Fundi alilisikia neno dubwana akakunja mikono ya shati. Lakini kwanza walihitaji pa kulala, na njiani palikuwa na kibanda cha bibi kizee anayeishi peke yake. Bibi alisita kufungua mlango. Gogo akainua ngao yake, akaapa kwamba hakuna chochote cha nyumba ile kitakachoguswa maadamu yeye yumo ndani.

Kimya akamnong'oneza Fundi, kwa sauti ambayo hata mtaa wa pili ungeisikia: "Ngao hiyo kaihangaikia tangu mvua za mwaka jana. Ni ya kiapo. Kiapo kikivunjika, ngao inapasuka."

Fundi akaitikia kwa kichwa bila kusikiliza. Alikuwa na lake. Wenzake walipokuwa wanaongea na bibi kando ya moto, wakiuliza habari za daraja, yeye akaona wanapoteza wakati.

"Nafungua kabati," akasema.

Shemeji akainua macho. "Kabati la bibi?"

"Kwani kuna lingine? Lina nini?"

"Lina... kijiko cha fedha. Chupa ya dawa. Shuka zilizokunjwa vizuri."

"Nachukua kijiko. Nachukua dawa. Nachukua shuka."

"Shuka pia?"

"Nitauza. Na kwenye chungu je?"

"Kuna mwiko, shemeji. Bibi anakoroga uji wenu."

"Nachukua mwiko."

Kimya alianguka kifudifudi juu ya meza, mabega yakimtetemeka. Lakini mke wa Fundi hakucheka. Shemeji naye akakunja mgongo, akaongea kama bibi kizee: "Wanangu, niliwaambia nimechoka na wageni. Mmeapa, na uji haujaiva bado."

"Ngoja, ngoja," Fundi akasema. "Kwenye gemu zote nyumba ni ya kufunguliwa! Unaingia, unabeba, mwenyewe amesimama palepale anakwambia habari ya asubuhi. Kabati limewekwa ili lifunguliwe."

"Hapa limewekwa ili bibi atie shuka," Shemeji akajibu.

"Basi narudi nyuma. Kabla ya kabati. Mimi kwangu kila mlango nasevu kwanza, nikikosea naanzia pale pale."

"Maji yakimwagika hayazoleki, shemeji. Umesema, umefanya."

Fundi akataka kuendelea kubisha, kwa kuwa kubisha alikuwa anakuweza. Ndipo akamwona mkewe. Alikuwa amekamata kijiwe kidogo bapa kilichowekwa badala ya ngao ya Gogo, anakigeuzageuza vidoleni. Kilikuwa kimechorwa kwa rangi, ile rangi ya kucha ambayo mapacha waliiacha nyumbani, mistari myembamba ya mtu aliyekaa nayo kwa muda. Hakumlaumu mumewe. Afadhali angemlaumu.

"Inapasuka?" mkewe akamuuliza mdogo wake, kwa sauti yake mwenyewe.

"Dada, kiapo ni kiapo. Isipokuwa mwenye kosa alirekebishe na bibi aridhike."

Wote watatu wakamtazama Fundi.

"Narudisha vitu," akasema.

"Bibi anavipokea," Shemeji akasema. "Anasema: mwiko umerudi, usingizi wangu haujarudi. Nitalalaje na mwizi?"

"Namwomba radhi."

"Anasema radhi haipasui kuni."

Kimya akashauri Baridi akimbie. Dadu nzuri ingemtoa nje salama. Fundi akaishika ile dadu, akaipima kiganjani. Mbele kulikuwa na dubwana, na dubwana ndilo lililomfanya avumilie kukaa kiti kile kigumu. Lakini Baridi akikimbia, ngao inakwenda. Akaiweka dadu chini.

"Baridi anabaki," akasema. "Wenzake waende darajani. Yeye abaki na bibi, rehani, afanye kazi mpaka bibi aseme basi. Gogo hana kosa."

"Utalikosa dubwana," Shemeji akamwonya.

"Nimesikia. Sijaziba masikio."

Bibi akakubali, kwa sharti moja: Baridi alale kibarazani.

Basi wakaenda kupigana bila yeye. Gogo na mganga mlevi walirusha dadu, walipiga kelele, walikaribia kufa mara mbili, na Fundi alikaa mikono kifuani kama abiria aliyeachwa na basi. Kila mara vita vilipopoa kidogo, Shemeji alikunja mgongo.

"Baridi! Kuni hizi umepasua au umezitafuna?"

"Zimepasuka, bibi."

"Kwenu ndivyo zinavyopasuliwa? Rudia. Na ukimaliza, maji."

"Usiku huu, kwenye mvua?"

"Wakati wa kuiba mvua haikunyesha?"

Mkewe alicheka mpaka akashika ubavu, na kwa kitambo Gogo aliachwa shingoni mwa dubwana akining'inia. Fundi akamjibu bibi, bibi akamrudishia. Akamwambia paa lake linavuja. Bibi akamwambia paa linajua linachofanya. Akamuuliza shuka zile ni za nani, naye bibi akasema lete maji kwanza, tutaona kama una adabu ya kuambiwa.

"Haya, sasa za nani?" Fundi akauliza aliporudi na maji.

"Tunaishia hapo leo," Shemeji akasema, akinyoosha mgongo.

"Hapo? Unaishiaje hapo?"

Dubwana lilikuwa limekufa, ngao ilikuwa nzima. Kimya alikusanya dadu, bado anasimulia vita ambavyo wote waliviona. Mke wa Fundi akakitia kijiwe chake katika mkoba, akamgeukia mumewe.

"Haya, Baba Pacha. Umechoka?"

Neno moja tu, na Jumapili zote zingekuwa zake. Wala asingekosa sababu: hakurusha dadu hata mara moja. Mkewe aliyatazama masikio yake, kushoto, kulia.

"Sikuchoka," akasema.

"Sema tena, Kimya hakusikia."

"Sikuchoka! Lakini mchezo wenu una kasoro. Mizigo haipimwi. Hakuna kusevu. Na yule bibi hana haki hata chembe. Kuni nimepasua, maji nimechota, na bado nalala kibarazani na mvua yote hiyo."

"Kamwambie mwenyewe," mkewe akasema, akimshika mkono kuvuka kizingiti. "Jumapili."