Mikono Waliyomwekea Mheshimiwa

Alhamisi asubuhi, Brigitte alikuwa amefika katikati ya kichwa cha mteja kwenye saluni yake ya Rockey Street, Yeoville, Johannesburg. Redio ilikuwa ikisema, maji ya kuchovya ncha za rasta yalikuwa yakichemka kwenye birika, na hapo mkono wake wa kulia ukapanda. Haukuuma wala kutetemeka. Ulisimama wima, kiganja wazi, chanuo likiwa limebanwa chini ya kidole gumba, ukakaa huko juu kwa muda wa mtu kusema Baba Yetu bila haraka. Kisha ukashuka, naye akaendelea pale alipoachia.

"Hapo umelegeza," mteja alisema. "Rudia."

Akarudia.

Mikono mingi ilipanda Yeoville asubuhi ile. Léocadie, mshonaji wa mlango wa pili, aliharibu mfuko wa suruali ya watu. Gaston, mume wa Brigitte, ambaye ni mlinzi kwenye geti la nyumba za wenye nazo kule Midrand, alipandisha wake na dereva wa lori akadhani ameruhusiwa, akapita zake. Shemasi mmoja aliyekuwa kando ya barabara akingoja robot, zile taa za barabarani, ibadilike alisimamishiwa taksi tatu, na madereva wote wakamtukana alipokataa kuingia. Jioni watu walipokutana, hakuna aliyeuliza mkono unapandaje wenyewe. Swali lilikuwa umepanda wa nani na haukupanda wa nani. Haikuchukua muda wakang'amua kwamba ni wale wote waliomwekea mikono Wakili Pandu.

Huyu Pandu inabidi aelezwe vizuri, maana watu wa aina yake ukiwaeleza nusu wanakuponyoka. Baba yake alikuwa mtu wa Johannesburg aliyewakimbia makaburu, akaishia Morogoro, akamwoa Kidawa, binti wa Unguja. Makaburu walipoachia nchi, familia ikarudi, mtoto akasomea sheria na kufungua ofisi Yeoville, ghorofani, juu ya duka la dawa. Kiswahili chake kilikuwa laini, cha "samahani" na "tafadhali". Wakongo waliozoea kufokewa kwa lugha za watu walizipanda zile ngazi wakiwa wagonjwa wakashuka wamepona nusu. Na kazi aliifanya, hilo asinyimwe. Gaston alipokamatwa na kibali kilichokwisha muda, Pandu ndiye aliyemtoa kizuizini. Mwenye nyumba alipopiga kufuli jipya kwenye saluni ya Brigitte, Pandu alileta amri ya mahakama, na akaleta na fundi wa kukata kufuli. Rufaa za ukimbizi za nusu ya kanisa lao, ya Brigitte na Gaston ikiwemo, zilikuwa kwenye kabati lake.

Kisha chama kikamwona. Akawekwa kwenye orodha ya wagombea, orodha ikapita, akaapishwa kuwa mjumbe wa bunge la jimbo. Ofisi hakuifunga. Mchana alikuwa bungeni anatunga sheria, jioni alikuwa juu ya duka la dawa anapambana nazo.

Jumapili iliyofuata kiapo chake alikuja kanisani kushukuru. Pasta akasema, sisi hapa kura hatupigi, lakini mikono tunayo. Watu wakatoka kwenda mbele. Brigitte alikuwa wa kwanza; mkono wake ulitua kwenye bega la kulia la Mheshimiwa, akamwombea kwa machozi ya kweli. Waliokosa nafasi walinyoosha mikono kutoka vitini, kama ilivyo desturi. Hao wa vitini, Mheshimiwa anapoinua mkono kupiga kura bungeni, mikono yao huishia usawa wa kifua.

Nesi wa kliniki aliupima mkono wa Brigitte akasema mfupa uko sawa. Alimweleza kwamba mtaani kwao yuko bibi ambaye miguu yake hutembea kila diwani wake anaposafiri, na ameshauriwa anunue viatu imara. Akampa vidonge vya maumivu akamwita mgonjwa mwingine.

Gaston alifurahi waziwazi.

"Miaka yote hii niko hii nchi, hata kiranja sijachagua," alisema. "Leo niko bungeni, Maman Brigitte! Mie Gaston wa Bukavu!"

"Uko bungeni unakubali nini?"

"Eish, si mambo ya serikali."

Jibu hilo halikumwingia Brigitte. Machale yalimcheza. Mkono ule ndio uliomlisha, na hakupenda ukubali vitu asivyovijua. Akaanza kufuatilia vikao kwenye simu, ameiegemeza kwenye kopo la mafuta huku anasuka. Mkono ukapanda kwa ajili ya barabara. Ukapanda kwa ajili ya maktaba. Siku ya posho za waheshimiwa ulipanda kwa kasi mpaka bega likalia ko! Kuhusu kliniki ya pili ya Diepsloot haukupanda kabisa, ingawa siku hiyo hakuwa ameshika kitu na alikuwa akiusubiri.

Akazipanda ngazi kwenda kumwuliza. Pandu alimpokea vizuri, akamwagizia chai.

"Dada yangu, hebu nambie, ni wageni wangapi duniani wanaopiga kura kwenye bunge la wenyewe?"

"Mimi sikupiga, Maître," alisema, akimwita wakili kwa Kifaransa cha kwao. "Wewe ndio unanipigisha."

"Mliniwekea mikono. Mimi sikuwaomba, na sikuwakataza." Akatabasamu. "Rufaa yenu inakwenda vizuri, usiwe na wasiwasi."

Sasa rufaa imeingiaje hapo? Brigitte alishuka akiligeuzageuza swali hilo kichwani, na ile chai aliiacha mezani haijaguswa. Alipomwendea pasta kumwuliza kama mkono uliokwisha kuwekwa unaweza kuondolewa, pasta alifikiri sana, akasema hajawahi kuona aya yake.

Mwaka wa tatu wa ubunge, Pandu akawa mwenyekiti wa kamati ya biashara ndogo. Hapo ndipo ulipoletwa muswada wa leseni: asiye raia asimiliki duka, saluni wala kiwanda cha cherehani mitaani. Kuajiriwa anaruhusiwa. Brigitte alivitazama viti vyake vinne, alivyovinunua kimoja kimoja, na beseni la kuoshea nywele alilolibeba mwenyewe kutoka mjini. Mshahara wa Gaston uliishia kwenye kodi ya nyumba. Saluni ndiyo iliyosomesha watoto, ikawavisha na kuwalisha. Ikiondoka hiyo hakuna kinachobaki, na aliogopa mpaka akawa anasahau majina ya wateja.

Wiki hiyohiyo walimzika mama mmoja wa kanisa. Makaburini walishikana mikono kwa duara, wakaomba, na katikati ya maombi mikono ya kulia ikataka kupanda. Haikuweza. Kila mmoja ulikuwa umeshikwa na mkono wa kushoto wa jirani, na kwenye maombi ya mazishi watu hawaachiani. Ikavuta, ikavuta, ikaacha. Jioni Brigitte alikitafuta kikao cha siku ile. Akamwona Mheshimiwa amekaa kitini, mkono wa kulia umeganda pajani, anausukuma kwa ule wa kushoto na jasho linamtoka. Spika alingoja, kisha akasema aandikwe kuwa hakupiga kura.

Brigitte aliirudia video hiyo mpaka chaji ikaisha. Kumbe kamba hii ina ncha mbili!

Siku chache baadaye akaja Lorraine. Lorraine ni mzaliwa wa hapahapa, alikaa mapokezi ofisini kwa Pandu, na alikuwa mteja wa Brigitte wa siku nyingi. Akiwa ameinamisha kichwa asukwe kisogoni, alisema bila kuulizwa, "Kura ya mambo yenu ni Jumanne mchana. Ingekuwa mimi, siku hiyo ningejua mkono wangu uko wapi."

Brigitte alimshukuru sana, na pesa yake akaikataa.

Jumanne maduka ya Wakongo yalifungwa. Gaston aliaga kazini kwamba anaumwa. Wote waliomwekea Pandu mikono walijipanga kanisani kwa duara, wa mbele na wa vitini, wakashikana. Kikao hakuna aliyekifuatilia, maana pasta aliagiza simu zizimwe, na mikono yote ilikuwa na kazi. Mchana ikaanza kuvuta. Siku ile ilivuta vibaya. Léocadie alipiga kelele kwa maumivu, na Gaston aliinuliwa akawa anasimamia ncha za viatu. "Msiachie! Yesu wangu, msiachie!" Brigitte alilia. Hawakuachia. Mwishowe ikalegea.

Walibaki vilevile wakiingoja mara ya pili, lakini mikono ilitulia tuli. Basi wakajua wameshinda. Waliimba na kucheza, mwenye soda akaleta soda, na Gaston akambeba mkewe juujuu mbele ya pasta.

Jioni Brigitte akawasha simu, akakaa kwenye kiti cha wateja kutazama ushindi wao.

Kura zilikuwa mbili. Ya kwanza haikuwa ya muswada. Ilikuwa ya kuongeza kifungu kimoja: mgeni aliyekwisha kufanya biashara miaka mitano abaki na leseni yake. Mtoa hoja alikuwa mwenyekiti wa kamati, Mheshimiwa Pandu. Alikuwa ameizungumzia kwa uchungu, akawataja wasusi, akawataja washonaji, watu wakampigia makofi. Spika alipoita kura, wanaoikubali wakapandisha mikono, isipokuwa mtoa hoja mwenyewe. Alikuwa akiusukuma kwa kiwiko, akiuinua kwa kiganja cha kushoto, haunyanyuki. Spika alimwuliza mara mbili kama hoja ni yake kweli. Kifungu kikaanguka kwa kupungukiwa kura moja.

Kura ya pili ilikuwa ya muswada wenyewe. Pandu alikaa kimya, mikono mapajani, na muswada ukapita kwa wingi.

Brigitte alilia mpaka kamasi, kwa sauti, majirani wakisikia. Saluni ameizika yeye, kwa mkono wake, tena akiimba. Gaston alisimama mlangoni na ile furaha yake yote imemwisha, hajui ashike wapi.

Asubuhi Brigitte alikuwa ghorofani kabla ofisi haijafunguliwa. Pandu alikuja na mkono wa kulia umetundikwa kwenye kitambaa shingoni.

"Kile kifungu nilikiandika mimi, dada yangu," alisema kwa upole. "Kura moja! Nyinyi ndio mmenishika."

"Kwa nini hukutuambia?"

"Mngeniamini?"

Hilo ndilo lililomchoma Brigitte, kwamba hata angeapa kwa mama yake Kidawa wasingemwamini.

"Lakini ni Lorraine aliyetuambia tuangalie mikono," alisema mwishowe.

"Lorraine ana mdomo. Nitamkanya."

Brigitte alipotoka, Lorraine alikuwa mezani kwake anaongea na simu, na hakuinua macho. Brigitte aliteremka ngazi taratibu. Tangu siku ya mazishi Pandu alijua kwamba wakishikana mkono wake haupandi. Siku ya kura aliijua. Karani ni wake. Mtu anayetaka aonekane amepigana, na vita asivishinde, angepanga vizuri zaidi ya hapo? Au labda kweli alitaka kuwaokoa, na wao wakamkaba. Maelezo yote mawili yaliingia mulemule kwenye yaliyotokea, bila kubakiza upenyo. Shaka yake alitamani kuipeleka mahakamani, lakini wakili pekee aliyekuwa naye alikuwa huyohuyo, na rufaa yake ilikuwa bado kabatini.

Sheria ilipoanza kazi, wakaguzi walipita mlango kwa mlango. Leseni ya saluni ilitoka kwa jina la raia wa kwanza kuiomba. Alikuwa Lorraine. Viti vilibaki vinne na beseni likabaki lilelile; Brigitte aliajiriwa. Mkataba wa ajira uliandikwa na ofisi ya Pandu, na Brigitte akasomewa kila kifungu kwa Kiswahili safi. Léocadie alipoteza cherehani zake, akaja kuosha nywele za wateja palepale. Lorraine hakuwa bosi mbaya. Alileta keki siku za kuzaliwa.

Magazeti yalimsifu Pandu kwa huruma, na chama kikamsifu kwa utulivu. Mwaka haukuisha akateuliwa waziri wa jimbo.

Siku ya kuapishwa, Lorraine alikwenda kwenye sherehe, ametengenezwa nywele na Brigitte asubuhi yake. Saluni ilikuwa na wateja wawili. Mmoja alikuwa kwenye beseni kwa Léocadie, mwingine kwenye kiti kwa Brigitte. Mikono ya kulia ya wanawake wale wawili ikapanda pamoja, mmoja na povu, mmoja na chanuo. Kiapo cha waziri, kinachoapwa mkono ukiwa juu, ni kirefu. Mteja wa kwenye beseni alifumba macho povu lisimwingie, akangoja.

Walikuwa wamesimama karibu. Léocadie aliunyoosha mkono wake wa kushoto, ukakaribia kuugusa wa kulia wa mwenzake, ukasita.

"Nikushike?" aliuliza.

Brigitte alifikiri. Alifikiri kwa bidii, kama mtu anayetafuta ufunguo gizani.

"Sijui, Maman Léocadie," alisema. "Haki ya Mungu, sijui tena."

Mikono ikakaa juu mpaka Mheshimiwa alipomaliza kuapa. Kisha ikashuka, Léocadie akafungulia maji, na Brigitte akagawa nywele za mstari unaofuata.