Chumvi Ilitosha

Fimbo ya mbali ndiyo iliyoua nyoka wangu. Ya karibu ilikuwa mikononi mwa ndugu zangu, na haikuwa ikimtafuta nyoka.

Ilikuwa Jumamosi ya Julai, jua limechomoza lakini halijapasha kitu, uani kwa bibi yangu, kijijini Tonota. Wanaume walikaa kwenye viti vifupi upande wa zizi. Wanawake tulikuwa kwenye mikeka, miguu tumeinyoosha na blanketi mabegani. Mjomba Keoagile aliniwekea kiti kule kwa wanaume. Sikukikalia. Kilibaki kitupu kikao kizima, kama pengo la jino, na kila mtu alijitahidi asikitazame.

Mbele ya mjomba palikuwa na karatasi tatu zilizochapwa dukani, zimewekewa jiwe zisipeperuke.

"Gaone," alisema, "hiki kitu umekiandika wewe?"

Nilimtazama bibi. Alikuwa amesinzia kwenye kiti chake cha kamba, nywele zake nusu zimesukwa. Nilikuwa nazisuka pale walipokuja kuniita. Mimi ndiye niliyelala chumba kimoja naye, niliyemwogesha, niliyejua ni mguu upi usiguswe asubuhi. Uwanja ule, kwa mila, ulikuwa chini ya mkono wa mjomba. Akisema toka, ninatoka.

Kosa lilianzia jikoni. Mama yangu mdogo Segametsi alikuwa akitafuta namna mpya ya kupika maharage na mahindi yaliyokobolewa, kwa ajili ya kina mama wa kanisa. Akaipata kwenye simu. Akapika, akasifiwa, akapika tena. Siku ya tatu alikuwa akitafuta vipimo, kidole kikateleza, ukurasa ukashuka chini kuliko alivyozoea. Chini ya maharage palikuwa na hadithi.

Sikumlaumu. Tovuti yetu tuliijenga hivyo makusudi, mtu akichungulia begani mwako aone vitunguu tu. Iliitwa Miguu Mitatu, jina la chungu cha chuma kilichomo katika kila uwanja wa nchi hizi zetu. Aliyeianzisha alikuwa mkutubi mstaafu wa Windhoek, tukimwita Ukoko. Humo tuliandika hadithi za watu kama sisi: walioitwa wavulana siku ya kuzaliwa nao ni wasichana, walioitwa wasichana nao ni wavulana, na wengine ambao walikuwa bado wanatafuta neno. Kila hadithi lazima itanguliwe na pishi la kweli. Ukoko aliyapika yote. Aliwahi kukataa hadithi nzuri ajabu kwa sababu maandazi yake hayakuumuka.

Tulijiita majina ya jikoni. Mimi nilikuwa Kifuniko. Mgeni akiweka chungu chake cha kwanza, yaani hadithi yake, wote tulipaswa kukionja kabla ya jua la kesho kuzama. Kama kuna kilichopungua, unaandika "chumvi kidogo," unaonyesha mahali. Kama hakuna, unaandika "chumvi ilitosha." Unaweza kukaa mwaka mzima hujaambiwa maneno hayo mawili. Na sheria iliyopita zote: hakuna anayefunua chungu cha mwenzake. Jina la mtu humwulizi, na ukilijua hulitoi.

Mnaweza kucheka. Mimi mwenyewe nilicheka, mara ya kwanza.

Miaka mitatu kabla ya kikao kile nilikuwa mjini Francistown, mwaka wa pili wa stashahada, katika chumba cha kupanga. Mchana mmoja nilifunga mlango, na sikukusudia kuufungua tena. Nikaweka kwenye Miguu Mitatu hadithi moja tu, ya msichana anayechunga mbuzi ndani ya suruali ya baba yake. Juu yake niliandika uji wa mtama uliochachuka, kwa haraka, ili sheria itimie. Ilikuwa barua ya kuaga, ingawa haikusema hivyo.

Jibu likaja kutoka kwa Ukoko. "Kifuniko, unga nimeshauloweka, lakini hujasema unachachuka siku ngapi. Nasubiri."

Nikajibu: siku mbili. Akauliza maji ya moto au vuguvugu. Nikajibu. Akauliza kama chombo kifunikwe. Akauliza kama kwetu tunaweka sukari, maana kwake sukari ni ugomvi. Kila nilipoweka simu chini, iliita. Jua lilipozama watu thelathini na wanane walikuwa wameionja hadithi yangu, na Ukoko alikuwa bado ananidai jibu kuhusu mfuniko wa sufuria. Niliufungua mlango kwa sababu kuna mtu Windhoek alikuwa anangoja uji.

Mwaka uliofuata wakanipa funguo. Nikawa mmoja wa watatu wenye uwezo wa kuondoa chungu motoni, yaani kufuta hadithi.

Sasa hiyo hadithi iliyokuwa chini ya jiwe. Aliyeiandika alijiita Kijiko. Ilimhusu baba mwenye vidole tisa, cha kumi kilikwenda na mnyororo wa injini ya kisima. Baba huyo alikuta gauni chini ya godoro la mtoto wake, akalichoma uani, mchana, majirani wakiona. Alipoondoka, mtoto alichakura majivu kwa mikono akitafuta vifungo. Vilikuwa saba. Alipata sita. Hadithi iliishia hapo, mtoto bado anachakura.

Niliisoma nikiwa nimesimama. Kidole cha mjomba Keoagile kilikwenda na mnyororo wa injini ya kisima mwaka wa ule ukame, na kijiji kizima kilisaidia kukitafuta. Moshi ule nami niliuona. Walituambia anachoma takataka. Sikumwuliza Kijiko lolote. Niliandika: "Chumvi ilitosha." Tangu nijiunge, sikuwa nimempa mtu mwingine maneno hayo.

"Nakuuliza mara ya pili," mjomba alisema.

Mama mdogo akadakia kwamba hakuna haja ya kuuliza. "Katika ukoo huu nani mwingine anajua kuweka koma? Huyu ndiye anayetuandikia hata hotuba za mazishi." Wajomba wengine wakacheka kidogo, kisha wakakumbuka kwamba si kikao cha kucheka.

Nyuma ya mjomba alisimama mwanawe wa pekee, Oteng, miaka ishirini na miwili, dereva wa trekta, mabega kama mlango. Alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili. Sisi wawili tulikua pamoja na hatujawahi kusema neno moja la maana. Hakujua Kifuniko ni nani. Alijua tu kwamba ningesema si mimi, swali lingegeuka na kuanza kutafuta kichwa kingine, na uani pale hapakuwa na vichwa vingi.

"Ni mimi, mjomba," nikasema.

Mama yangu, kwenye mkeka, akashika mdomo. Mjomba hakukasirika, hilo ndilo lililonitisha. Alizungumza taratibu, kama mtu anayempapasa ng'ombe kabla ya kumfunga kamba. Akasema yeye si mtu mbaya. Kuhusu magauni yangu alikwishachoka kusema. Lakini nimemvua nguo mbele ya ulimwengu, nami nitamvika mbele ya ukoo: nipige magoti, niombe radhi, nikiondoe kile kitu humo mtandaoni sasa hivi, simu mkononi. Yaishe, nirudi kusuka nywele za bibi.

Ingechukua dakika moja. Simu ilikuwa mfukoni. Ningeweza kupiga magoti, magoti hayana kumbukumbu. Uongo nilikwishasema. Lakini nilimwona Oteng ananitazama, nikaelewa kwamba radhi ile haikuwa yangu kuitoa. Ningekuwa nimesema, kwa mdomo wangu na mbele yake, kwamba kutafuta vifungo vyako kwenye majivu ni kosa la kuombewa msamaha.

"Hadithi haitoki," nikasema.

"Huoni hata aibu ya ulichokiandika?"

"Nimeisoma tena na tena, mjomba. Chumvi ilitosha."

Walitazamana. Mama mdogo akanong'ona kwamba sasa nimerukwa na akili. Kofia ya Oteng ilianguka chini. Hakuiokota. Alinikodolea macho kama mtu aliyeitwa kwa jina lake katika mji wa ugenini.

Mjomba akasimama, akazikunja karatasi. "Basi hamia kwa hao watu wako wa kwenye simu. Waambie wakupikie."

Nililala Francistown siku hiyo. Nywele za bibi zilibaki nusu. Mama aliniambia bibi hakukubali mtu mwingine azimalizie kwa wiki mbili nzima.

Bibi alifariki mwaka uliofuata. Nilikwenda. Wakanizuia getini, kwa adabu, kwamba mwenye uwanja amesema mpaka niombe radhi. Nikasimama nje ya uzio pamoja na magari, nikasikiliza hotuba ambayo haikuandikwa na mimi, na ilikuwa mbaya.

Baada ya maziko watu wakapakuliwa nyama. Oteng akatoka na sahani. Alipita katikati ya wanaume, akampita baba yake, mbele ya ukoo wote na mchana kweupe, akaja mpaka kwenye uzio. Akapitisha sahani juu ya waya. Kisha akatoa kijiko mfukoni, akakipangusa kwenye koti lake la mazishi, akanipa.

"Onja, dada," akasema, na hakupunguza sauti.

Nilikula nikiwa nimesimama, nyama yote, mpaka kijiko kikagonga bati.

Kila Desemba mjomba hutuma mtu: geti liko wazi, neno ni moja tu, mwaka huu tumalize. Mwaka huu alimtuma mama mdogo Segametsi mwenyewe. Alikuja na maharage ndani ya kopo, mazuri, pishi lilelile. Tulikula. Akaniuliza ampelekee jibu gani.

Nilimwambia ampelekee lile la mwaka jana. Siombi radhi.