Sahani Inayorudi Nusu

Mwanamume anarudisha chakula nusu sahani, na bado kitambi kinafungua vifungo vya shati. Watu wa mtaa wa Isevya watasema nini? Watasema ana mwanamke mwingine anayemlisha, basi. Shamimu, jirani wa mlango wa pili, ndiye aliyelipeleka neno hilo kwa Nyamizi, mke wa Awadhi, tena bila haya, huku akichambua mchele.

Na Awadhi hakuwa na mwanamke yeyote, maskini. Alikuwa na njaa.

Kwa miaka mingi alishindana kutunisha misuli, Mwanza, Dodoma, hadi Dar. Ukoo wao ulijisifia mabega. Babu wa babu yake alibeba pembe za ndovu kutoka Unyanyembe mpaka Bagamoyo kwa miguu, na Awadhi hakutaka mabega hayo yaishie kwake. Basi kila mwaka ikawa hivyo hivyo. Miezi ya kujaza, anakula mayai trei kwa trei mpaka anatapika. Kisha miezi ya kukausha, hagusi ugali wala chumvi, hata maji anayanywa kwa kuonja. Kila mara unene ulirudi upesi kuliko mara iliyopita, na kukauka kukazidi kuwa kugumu. Alipostaafu mashindano, mwili ukagoma kabisa. Akila kidogo, ananenepa.

Daktari alimweleza bila kuzunguka. Mwili uliozoeshwa njaa hujifunza kutumia kidogo na kuweka akiba, na wa kwake ulikuwa haujaamini bado kwamba njaa imekwisha. Sukari imeshapanda. Na lile jambo la chumbani, lililomfanya ageukie ukutani mwaka mzima, limetoka huko huko. Homoni za kiume zimeshuka. Huenda likatibika, akasema, ila amlete mkewe wazungumze wote.

Amlete mkewe! Awadhi wa jukwaani, aliyepigiwa vigelegele, akae kwenye kiti cha plastiki aambiwe mbele ya Nyamizi kwamba nguvu zimekwisha? Alirudi nyumbani akanyamaza. Ujinga mtupu, lakini aibu ilimshinda.

Ijumaa jioni Nyamizi hakupakua. Aliketi mkekani, khanga begani, akasema hana ugomvi na mtu, anataka ukweli tu ili ajue kama amchukue binti yao, Najiat, arudi kwao Mtendeni.

"Baba Najiat, humalizi chakula changu. Hunigusi. Niambie, yupo?"

Angesema tu kwamba anaumwa, yangekwisha. Neno lilimfika mpaka ulimini. Lakini akawaza habari ikivuka ua, ikimfikia Shamimu, kisha vijana wa jimu aliowafundisha mazoezi, waliomwita mwalimu, akaona heri aitwe mhuni.

"Yupo."

Nyamizi aliivuta khanga begani. Hakulia.

"Anakupikia nini?"

Awadhi akaanza kutaja. Kisamvu cha karanga. Ugali wa mtama na mlenda. Matobolwa, vile viazi vitamu vya kukaushwa, yaliyochemshwa yakalainika, na maziwa ya mgando pembeni. Kuku wa kienyeji, mchuzi mzito. Vyote vilikuwa vya mkono wa Nyamizi, vyote alikuwa akivisukuma mbali huku njaa ikimuuma. Alivitaja kwa uchu, machozi yakimlenga. Nyamizi hakuwahi kumsikia akikizungumzia chakula chake yeye namna hiyo hata siku moja.

Akamwamini. Akaingia ndani kufunga nguo zake.