Pembe ya Ukutani

"Hivi mama, hiyo pembe ya shaba hapo ukutani, marehemu aliitoa wapi?"

Jirani alimuuliza hivyo mjane wa fundi gramafoni siku moja akisubiri apewe chumvi. Mjane alimjua mumewe hadi jino lililokuwa likimsumbua, ila ilikotoka pembe ile hakujua. Swali likamkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Leo alikuwapo wa kuusukuma mwiba. Mwanamke wa makamo alisimama mlangoni amekumbatia gramafoni ya baba yake, pembe yake nyeusi imemlalia begani kama mtoto aliyesinzia.

"Dada, sikuja kwa shari," alisema, macho ukutani. "Niliolewa nikaiacha pembe yetu ina rangi ya dhahabu. Jua likiipiga, chumba kizima kinawaka. Nimerudi kumzika baba, naikuta kama sufuria la masizi. Naambiwa ilipita kwa mumeo. Yetu ni ile pale."

"Marehemu hakuwa mwizi."

"Mwizi umesema wewe. Mimi nimesema pembe."

Mjane akasogeza kiti. Miaka yote ya ndoa alimsaidia mumewe kuosha vyuma kwa mafuta ya taa, na mikono haikuwa imesahau. Kila alfajiri alimwombea marehemu. Sasa aliogopa kwamba huenda amemwombea asiyemjua.

"Tuzijaribu zote," akasema. "Chuma hakina shemeji."

Akaivua ile nyeusi, akaishusha ya shaba, akaipeleka kwenye kiwiko cha gramafoni, kile chuma kilichopinda kinachoipokea shingo ya pembe. Haikuingia. Akaizungusha, akaibembeleza. Ikagoma.

"Labda mumeo alikibana kiwiko," mgeni akasema.

"Chuma kikibanwa huacha kovu. Papasa."

Mgeni akapapasa kwa kidole, ndani na nje. Kulikuwa laini.

"Haya, ile si yetu," akakubali. "Lakini na hii nyeusi si yetu."

Moyo wa mjane, uliokuwa umeanza kupanda, ukashuka tena. Akaigeuza pembe nyeusi magotini. Shingoni palikuwa na pete ya chuma, na rangi nyeusi ilikuwa imemwagikia juu yake, ikagandana nayo kama uji uliokaukia sufuriani. Hapo akatulia. Mumewe hakupata kupaka pembe bila kuivua pete kwanza. Alikuwa akisema anayepaka rangi juu ya pete ataoga na viatu.

Akatia mafuta ya taa, akangoja, akasoma dua kimoyomoyo. Kisha akaizungusha pete. Ililia kidogo, ikatoka.

Chini yake palikuwa na mkanda mwembamba wa rangi ya dhahabu, mpya kabisa.

"Ni hii hii," mjane akasema. "Mume wangu alitengeneza springi tu. Aliyeipaka hakuwa fundi."

Mgeni aliinama hadi pua ikakaribia shingo ya pembe. Akakwaruza ule weusi kwa ukucha.

"Rangi ya geti," akasema polepole. "Baba alipaka geti. Rangi nyingine ikabaki."

Mjane akashusha pumzi ndefu, na kicheko kikatoka nayo. "Basi ni rangi nzuri. Imedumu."

"Na ile ya shaba je?"

"Anajua Mungu. Kwenu haikutoka."

Mgeni akaikumbatia gramafoni yake. Pete aliiacha mezani. Akatoka, kidole gumba kikiusugua ule mkanda wa dhahabu.