Picha ya Gauni la Njano

Helena alikuwa fundi cherehani wa Mlandege, mjini Iringa, mjane asiyejaliwa mtoto, na kila Jumapili jioni wivu ulikuwa unamla mzima mzima. Hakuna namna ya kulisema hilo kwa adabu. Simu ikiita tu, Eveline, mtoto aliyekuwa akimlea, alitupa alichoshika, akakimbia huku anaita "Mama!" kwa sauti ambayo wiki nzima haikumwita Helena. Yeye alikuwa "mama mkubwa". Ni cheo kizuri, chenye heshima zake, lakini hakikufuti machozi.

Mama mwenyewe, Ng'washi, mdogo wake Helena, alikuwa Mbeya akiuza mchele sokoni Mwanjelwa. Alimleta mtoto Iringa baada ya mumewe, Magesa, kumvunja mkono. Magesa alikuwa mfugaji wa Usangu, na kwa kuwa alitoa ng'ombe wa mahari mbele za watu, alihesabu mtoto ni wake hata kama mahakama ilisema akae na mama. Aliapa kwamba siku akimtia mkononi atamhamishia mbali pamoja na mifugo yake, na Ng'washi hatamwona tena. Kibanda cha Ng'washi alikijua. Chumba alichopanga Soweto, hukohuko Mbeya, alikijua. Kwa Helena hakupajua, maana aliamini shemeji yake bado yuko Njombe alikoolewa. Waliojua kwamba alihamia Iringa baada ya kumzika mumewe ni Ng'washi na mama yao, Bibi Mbuke, aliyebaki Usangu.

Kwa hiyo Ng'washi aliweka sheria: picha zote za mtoto zipite kwake kwanza.

"Dada, simu inaandika ndani ya picha mahali ilipopigwa," alimweleza. "Kwa macho huoni, lakini ipo. Fundi simu jirani yangu kanionyesha. Zima lokesheni kwenye kamera. Na za mama nitamtumia mimi, nikishazisafisha."

Helena akasema sawa, na hakuzima kitu. Alisikia amri, hakusikia maana. Mdogo wake aliyembeba mgongoni leo amfundishe kushika simu? Akaona ni maringo ya watu wa Mwanjelwa.

Kilichomchoma zaidi ni shukrani. Picha zilitoka Iringa zikaenda Mbeya, zikatoka Mbeya zikaenda Usangu, na pongezi zikarudi zikaishia Mbeya. Bibi Mbuke hakuwa na simu ya kuonyesha picha. Alitumia ya mpwa wake, Aroni. Siku moja Ng'washi, kwa wema tu, alimrushia Helena sauti ya mama yao: "Ng'washi mwanangu, umemlea vizuri, mtoto amenawiri." Helena aliisikiliza mpaka cherehani ikamshinda. Umemlea! Nani alikesha na homa? Nani alijifunza kumsuka bila kumliza? Wahenga walisema kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Wahenga haohao wakageuka wakasema uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Helena aliwaona ni watu wasio na msimamo.

Shule zilipokaribia kufungwa alimshonea Eveline gauni la njano, akalidarizi maua kifuani kwa mkono. Akamsimamisha kwenye ukuta mtupu, akampiga picha, kisha akaikagua kama askari. Hakuna kibao, hakuna sare ya shule, hakuna hata dirisha la jirani. Akaridhika. Hata kulitaja jina lake aliona hakuna shida, kwani Aroni akilisikia si atafikiri bado yuko Njombe?

Akaituma moja kwa moja kwa Aroni, amwonyeshe bibi. Na aliituma kama faili, jinsi alivyozoea kuwatumia wateja wake, kwa sababu picha ikitumwa kikawaida uzi unafifia, na mteja asiyeuona uzi ana maneno mengi. Akaongeza sauti: "Mama, shikamoo. Hili gauni nimeshona mimi, Helena. Na mtoto ninamlea mimi."

Jibu lilikuja jioni. "Ahsante mwanangu, Mungu akuzidishie." Helena alitembea na maneno hayo sokoni na kanisani, na Jumapili simu ya Ng'washi ilipoita hakuumia sana.

Siku chache baadaye, asubuhi na mapema, Ng'washi akasimama mlangoni. Hakumwamkia dada yake.

"Ulimtumia mama picha?"

"Ya gauni tu. Ukuta mtupu, tazama mwenyewe."

"Uliituma kama faili?"

"Ndiyo. Ili darizi ionekane."

Ng'washi akakaa kwenye kigoda cha wateja. Akaeleza polepole. Picha ikitumwa kikawaida, yale maandishi ya ndani huondolewa njiani. Ikitumwa kama faili inakwenda nzima, na kila kilichoandikwa ndani yake. Aroni alimpa Magesa, Magesa akafungua maelezo ya picha, ramani ikamleta hadi juu ya bati la nyumba hii. Kisha Aroni akatamba kilabuni, habari zikamfikia Bibi Mbuke, naye akaazima simu ya jirani akampigia Ng'washi.

"Magesa ameondoka Usangu jana," Ng'washi alisema. "Polisi nimeripoti, wameandika. Mimi sikai kumsubiri."

Helena alitaka kusema nisamehe. Lililotoka ni jingine kabisa. "Kila siku mama alikuwa anakushukuru wewe."

Ng'washi akainuka kwenye kigoda. "Si ungeniambia, dada? Ningemwambia."

Eveline aliamka, akamwona mama yake, akaruka kitandani akicheka. Mtoto wa watu hakujua anakimbizwa. Aliona Jumapili imekuja katikati ya wiki. Furaha ile ilimkata Helena kuliko maneno yote. Alikunja nguo, akaweka gauni la njano juu kabisa, akalitoa, akalirudisha.

"Mnakwenda wapi?"

"Hilo sikuambii."

"Mimi?"

"Wewe, dada."

Wakaondoka. Helena alibaki amesimama mlangoni na hasira isiyo na pa kwenda. Amemlea, amemlisha, na sasa yuko kundi moja na Aroni. Alimwonea wivu hata dereva atakayewapakia, kwa kuwa yeye angalau angejua wanashuka wapi.

Mchana Magesa akaingia. Alikuwa mrefu, mpole wa sauti, amevaa koti safi.

"Shemeji, za siku nyingi. Nimemfuata mwanangu."

"Hayupo. Mama yake amemchukua asubuhi."

"Kampeleka wapi?"

"Sijui."

Magesa akacheka kidogo, akaingia vyumbani, akarudi. Akamkaribia mpaka Helena akasikia harufu ya moshi kwenye koti lake. Helena akapasuka.

"Nimekwambia sijui! Nimemlea miaka yote hii, na hajaniambia anakompeleka. Mimi, dada yake! Ningejua ungenikuta nimekaa hapa na cherehani?"

Alilia kweli, na kwa hasira kweli. Magesa alimtazama usoni akaamini, kwa maana wivu wa namna ile hakuna anayeweza kuuigiza. Sauti yake ikazidi upole.

"Basi kilio chetu kimoja, shemeji. Mimi porini sina mwanamke wa kumlea. Akikupigia, akakwambia yuko wapi, niambie. Nikimpata nakuletea wewe. Utamlea wewe, na hakuna atakayekunyang'anya."

Akaandika namba yake kwa chaki ya fundi juu ya meza ya kukatia, akatoka. Helena hakumjibu ndiyo wala hapana. Huo ndio ukweli, na haupendezi. Alikaa akiitazama ile namba mpaka jua likahamia ukuta wa pili. Aliona Eveline akirudi kutoka shule kila siku, hakuna simu ya Jumapili, hakuna mtu mwingine wa kuitwa mama. Aliuona na mkono wa Ng'washi, jinsi ulivyokuwa siku ile walipofika, umefungwa kwa kanga.

Jioni simu ikaita kwa namba ngeni.

"Mama mkubwa!" Ilikuwa sauti ya Eveline, na nyuma yake upepo na mbuzi. "Tumefika! Mama kasema nikusalimie tu. Lakini huku ni kuzuri, kunaitwa—"

"Usiniambie."

Helena aliibana simu sikioni, na mkono wa pili ukaanza kuisugua ile chaki mezani. Roho ilikuwa inamtoka kwa hamu ya kujua.

"Usiniambie mlipo, mwanangu. Hata nikikuuliza siku nyingine, usiniambie. Mpe mama simu, nimwombe radhi."