Kataa Safari Hii

Adoyo alikwenda kumtolea Masalu ushahidi, wala hakujua kwamba kabla ya adhuhuri riziki yake mwenyewe ingewekwa mezani.

Wote wawili walikuwa madereva wa bajaji hapa Mwanza, wakipata abiria kupitia programu ya simu. Masalu alipovuka kwenda Sengerema kumzika baba yake, safari zilimwita naye hakuzijibu. Aliporudi, akakuta kampuni ya programu ile imemfungia asipate abiria. Sasa Bwana Chenge, wakili wa kampuni, alisimama mbele ya mwamuzi wa migogoro ya kazi, akanena kwa ulimi wa asali:

"Mheshimiwa, Masalu hakufukuzwa, kwa kuwa hakuajiriwa. Hawa ni wafanyabiashara huru. Safari wasiyoitaka huikataa, na hakuna awaulizaye."

"Huru kama ng'ombe wa plau!" akadakia dereva mmoja nyuma. Chumba kizima kikacheka.

Mwamuzi, mama wa makamo asiye na haraka, akamgeukia Adoyo. "Simu yako iko wapi, binti?"

"Nimeizima, Mheshimiwa."

"Iwashe. Safari ikija, ikatae hapa hapa, tuuone huo uhuru."

Adoyo akaiwasha kwa kusitasita. Bajaji yake, baada ya Mola, ndiyo iliyowalisha na kuwasomesha wanawe. Mara simu ikalia: abiria yuko Nyegezi.

Masalu akamshika mkono. "Dada, acha. Nimeumia mimi, yatosha."

"Niachie, kaka. Leo lazima ijulikane!"

Akabonyeza: kataa. Ikalia tena, akakataa tena. Kioo kikawa chekundu: dereva, umefungiwa.

"Hiyo ni mitambo tu," Chenge akawahi kusema. "Mitambo haimwamrishi mtu."

Hajafunga kinywa, simu ikaita. Sasa aliyepiga alikuwa mtu. Mwamuzi akaashiria Adoyo aweke spika, kila mmoja asikie.

"Wewe Adoyo!" sauti ikanguruma. "Mimi msimamizi wako. Nani kakupa ruhusa ya kukataa kazi?"

Chenge akaketi kama aliyekatwa miguu. Adoyo alihisi damu ikimchemka hadi masikioni, hofu na furaha zikigombania kifua kimoja.

"Sikuomba ruhusa, bosi. Nimeambiwa mimi ni huru."

"Huru wa nani? Kesho uje ofisini uombe radhi! Na hao wanaocheka ni akina nani?"

"Mimi ni mwamuzi wa kesi hii," mama yule akajibu, akiinamia simu kwa upole. "Wakili wako yupo hapa, anakusalimu."

Simu ikakatika. Vicheko na takbiri zikagongana darini, na mama mmoja wa Kijita akapiga vigelegele mpaka karani akamsihi. Mwamuzi akasimama kutoa uamuzi.

"Mwenye msimamizi, anayetakiwa kuomba radhi kwa kukataa kazi, huyo ni mwajiriwa, hata akiitwa sultani. Masalu arejeshwe kazini. Na binti huyu afunguliwe sasa hivi, nikiwa natazama."

Chenge akapiga simu kampuni, jasho likimtiririka, na kioo cha Adoyo kikafunguka. Adoyo alishindwa kukaa. Alisimama katikati ya chumba, mikono kichwani, akicheka na kulia, huku Masalu akimwita dada, dada, dada, kama aliyesahau maneno mengine yote.